Majani ya Mtu Aliyekata Chai Yake

Sikiliza, wewe unayefikiria kujiunga na polisi wa akiba. Kazi si ngumu. Unabaki mkulima, ng'ombe wako unakamua mwenyewe, na siku ukiitwa unavaa koti la kijani na kwenda kusaidia. Kinachochosha ni kushuku. Ukishalizoea lile koti, hata mtu akikusalimia kwa furaha unajiuliza anaficha nini.

Asubuhi moja, huku kwetu karibu na Mogogosiek, jirani yangu wa juu alinikuta nikipeleka maziwa.

"Afande wa nusu siku," akanitania, "wezi wanapita mbele yako na wewe umekumbatia mtungi?"

Alikuwa akimtazama mtu aliyekuwa akishuka njiani na kikapu kilichojaa majani ya chai. Nilimjua: alihamia hapa kutoka upande wa Kisii, akanunua kipande kidogo karibu na mto.

"Chai yake aliikata mwezi uliopita. Hayo ameyatoa wapi?"

Hapo nikufafanulie. Chai ikirefuka sana hukatwa hadi magotini, vikabaki vijiti vitupu, na kwa miezi kadhaa hakuna cha kuchuma. Na wizi wa majani ulikuwa umetusumbua: mtu anachuma kwa mwenzake, kisha anapimisha kituoni kwa namba yake mwenyewe ya mkulima, ili alipwe yeye. Kwa hivyo nilimfuata.

"Simama, ndugu. Umechuma wapi?"

"Kwa mama wa bondeni."

Mama huyo, mjane, alikuwa amelazwa hospitali ya Kaplong tangu wiki iliyopita. Nikaona kesi imeisha.

"Nani amekutuma?"

"Yeye mwenyewe. Chai haijui mwenyewe ni mgonjwa, afande. Ikikaa bila kuchumwa jani linakomaa, kiwanda kinakataa."

"Na nani mwingine alisikia akikutuma?"

Akatua kikapu chini. Kisha akasema polepole, "Ukinishika kwa majani, hakuna atakayenipa shamba lake nichume tena. Na hiyo ndiyo inalisha watoto wangu mpaka yangu ichipuke."

Sikumhurumia, nakwambia kweli. Nilidhani ni maneno ameyapanga. Nilitembea nyuma yake hadi kituo cha kununulia chai, nikingoja ataje namba yake.

Majani yalipomiminwa kwenye gunia na karani akalitundika kwenye mizani, yule mtu akatoa kadi ya namba ya mkulima. Ilikuwa ya mjane.

"Hata wiki jana alileta kwa hii," karani akaniambia. "Mama alinipigia simu kabla ya kulazwa. Kwani hukuuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Jirani wa juu, aliyetufuata ili aone mtu akifungwa pingu, alikohoa. "Mimi nilidhani tu..." akasema, akaangalia kando. Huyo ndiye aliyekuwa akimchumia mjane mwaka uliopita, akaachishwa. Mpaka leo sijui kama alikosea au aliitaka ile kazi irudi kwake.

Nilimwomba yule mtu msamaha mbele ya foleni nzima, kwa sauti ile ile niliyomsimamisha nayo. Alisema hakuna neno. Hata hivyo, tukikutana njiani huhamia upande wa pili na kunisalimia kutoka huko.

Najua utaifanya kazi hii vizuri kuliko mimi. Ukiletewa habari ya majani ya wizi, nenda kwanza kwa karani wa kituo, muulize huyo mtu hupimisha kwa namba ya nani, na umpigie simu mwenye shamba kabla hujamsimamisha mtu yeyote.