Nilivyolisafisha kaburi la kale ili picha itoke vizuri, kule Msambweni

Wakuu, hamjambo humu ndani. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siongezi chumvi, na nilipokosea nitasema nilikosea.

Mimi ni mpiga picha, mtu wa bara, naishi Ukunda mwaka wa tisa sasa. Harusi za ufukweni Diani ndizo zinazonilisha, ila raha yangu ni majengo ya kale. Misikiti ya mawe, milango ya nakshi, makaburi ya matumbawe. Kwenye hayo sijioni mdogo kwa mtu.

Hoteli moja ikataka picha kumi na mbili za aina hiyo za kutundika ukumbini. Kumi na moja nikazimaliza bila jasho. Ya mwisho ilikuwa kaburi moja kupita Msambweni, upande wa Bodo. Nguzo ndefu ya mawe, nakshi bado kali, na matundu ya duara palipopachikwa bakuli za kauri zamani.

Nilifika alfajiri, mwanga mtamu. Shida ilikuwa moja. Nguzo ilikuwa imefungwa vitambaa, na chini yake chupa za plastiki za marashi na kigae cha ubani.

Sasa mimi si mtu wa kufuta vitu kwenye kompyuta. Nikitaka fremu safi, naisafisha kwa mkono, na huwa najisifu kwa hilo. Nikapiga moja ya kupima mwanga, kisha nikafungua vitambaa vyote saba, nikatia kila kitu mfukoni.

Picha ilitoka kali, wakuu. Niliitazama nikacheka peke yangu.

Nakunja tripod, akatokea mama mmoja wa makamo amejitanda leso, ana marashi mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Halafu akalitazama kaburi.

"Mwanangu, kitambaa changu chekundu ki wapi?"

Nikamwonyesha mfuko, nikaanza habari za mwanga na hoteli. Aliniacha nimalize. Kisha akanieleza bila kupandisha sauti.

Kumbe ilikuwa nadhiri. Bintiye, Mwanasiti, yuko Uarabuni kwa kazi za nyumbani, na miezi mitatu ilikuwa inaisha hajapiga simu. Siku atakayosikia sauti yake, mama angekuja kukifungua, amwage marashi, agawe halua. Kabla ya hapo hakiguswi.

Niliona aibu kweli. Miaka tisa Pwani, vitambaa vile nimeviona kila mahali, na sijawahi kuuliza ni vya nani.

Nikampa akifunge. Akakataa.

"Aliyekifungua ndiye atakayekifunga. Mimi nitakutajia jina lake, nawe umuombee kwa Mungu unavyojua. Nadhiri sasa ni yetu wawili."

Mimi ni Mkristo wa Krismasi na Pasaka, lakini nilikifunga kile chekundu nikimuombea Mwanasiti kama dadangu. Vile sita vingine, chupa na kigae nilivirudisha kwa kufuata ile picha ya kupima mwanga, fundo baada ya fundo, mama akichungulia kwenye kamera na kunisahihisha.

Picha safi niliifuta. Hoteli ilipata kumi na moja, meneja akanuna wiki nzima. Sawa tu.

Wiki ya tano mama, niliyekuwa nimemwachia namba yangu, akanipigia. "Amepiga simu. Dakika nne tu, tajiri wake alikuwa amemnyang'anya simu. Lakini ni yeye." Nilisimamisha pikipiki kando ya barabara nikalia.

Tulikutana kaburini, yeye na halua, mimi na marashi. Kamera niliiacha begini kwa adabu. Akaniuliza mbona sipigi.

"Piga, mwanangu. Nimtumie aone alivyongojwa."

Nikapiga. Vitambaa, chupa, ubani, vyote ndani ya fremu. Kisha mama akakifungua kile chekundu, tukamwaga marashi.

Nilichojifunza: uliza kwanza ni cha nani, ndipo uguse. Jengo kuwa la kale haimaanishi kwamba halina wenyewe.

Mwanasiti bado yuko kule, na pasipoti anayo tajiri. Mama amefunga kitambaa kingine, cha kumrudisha nyumbani, na safari hii mkono wangu nao ulikuwa kwenye fundo.

Wakuu mliowahi kumtoa ndugu kule, mlianzia wapi? Niandikieni hapa chini, mama anasubiri nimsomee.