Kigari Chekundu cha Kumfuata Mama Mkwe Zagayu

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla mtu wa mtaani hajausimulia kwa niaba yangu. Nilinunua gari kwa kuangalia picha kwenye simu. Katika picha ile hakukuwa na mtu aliyesimama pembeni, wala ng'ombe, wala hata ndoo, kwa hiyo nikalikuza kichwani nilivyotaka. Lilipofika Bariadi na kuegeshwa mbele ya duka langu la madaftari, jirani yangu Masunga alilizunguka mara moja, kisha akauliza kama lingine linafuata nyuma.

Masunga ana gari la viti saba la kukodisha. Kwa miaka mingi, mtaa wetu ukitaka kwenda msibani au harusini ulimpigia simu yeye. Siku hizi kila kona ya mji ina gari la kukodi, na bajaji juu yake, nami nikaona niingie humo humo. Nikaingia na bebi woka, kama vijana wa stendi wanavyoviita vigari hivi: chekundu, milango mitano ukihesabu na ule wa nyuma, kinanukia plastiki mpya. Siku zilipita bila abiria. Watu walikuja kukichungulia tu, wakaondoka wakiwa wamefurahi.

Hata hivyo udogo wake haukuwa ujinga wenyewe. Ujinga wenyewe ni kwamba wakati nanunua nilisahau kuwa nina mama mkwe.

Kwa akina mke wangu Kabula, huko Zagayu, heshima ya ukwe bado inashikwa. Mimi na mama yake hatupeani mikono, hatukai karibu, hatutazamani usoni. Tukikutana njiani, mmoja anaingia pembeni kama anayetafuta kitu kwenye majani. Katika gari la Masunga mama hukaa kiti cha mwisho kabisa, mimi nakaa mbele, na katikati yetu panabaki kama uwanja wa mpira. Katika gari langu, mtu wa nyuma akipiga chafya, dereva anajifuta shingo.

Sasa madaktari wa macho wakaja hospitali ya hapa mjini kwa siku chache. Mama mkwe ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Amefikia mahali uji anaumimina pembeni ya bakuli. Kabula akamwandikisha, akapangiwa kesho yake asubuhi. Akikosa, hakuna aliyejua madaktari wale wangerudi lini. Tukamwendea Masunga. Akasema mvua imeharibu njia ya Zagayu, gari lake ni zito na juzi tu lililala huko kwenye tope. Haendi.

"Nenda na hicho chako, Baba Minza," akaniambia. "Kikikwama utakitia mfukoni."

Mimi si mtu wa safari. Tangu nipate leseni, safari yangu ndefu ilikuwa kwenda sokoni, na nilirudi nimechoka. Lakini njia nzima sikuogopa tope. Niliogopa kwamba mama atakataa kupanda, na macho yake yatabaki yalivyo kwa sababu ya picha ya kwenye simu.

Tuliondoka Bariadi asubuhi. Kabula alikaa nyuma yangu, akisema anafanya mazoezi ya kuwa ukuta. Mimi nikakigeuza kioo cha ndani kikatazama juu, ili wakati wa kurudi nisije nikamwona mama kwa bahati mbaya. Kuanzia hapo, kila nilipotaka kujua nani yuko nyuma yetu, niliona dari.

Lagangabilili tulisimama kununua mkate na maji, ng'ambo ya ofisi mpya za serikali. Mwenye duka, mama mmoja wa makamo, alitoka nje kukitazama kigari.

"Mnaelekea wapi nacho?"

"Zagayu," nikamwambia. "Tunamfuata mama mkwe."

"Mama mkwe wa nani?"

"Wangu."

Akamgeukia Kabula. "Na mama umemwambia?"

Kabula akajibu kwamba amemwambia tu kuna gari. Yule mama akatuongezea maandazi mawili, kama mtu anayewasaidia wafiwa.

Zagayu tulifika umande ukiwa umekauka. Mama alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, kitenge kipya, mfuko miguuni. Nikachuchumaa mbali, upande wa zizi, nikampa mama salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia akiwa amemwelekea ng'ombe, kama ni heshima au ni macho, sikujua.

Kabula akamshika mkono hadi kwenye gari. Mama akapapasa mlango, akapapasa bati la juu, kisha akanyoosha mkono mbele zaidi, akitafuta mahali gari linapoendelea. Halikuendelea.

"Huu ni mlango," akasema. "Gari lenyewe liko wapi?"

"Ndilo hili, mayu."

"Na mume wako anakaa wapi?"

"Mbele."

"Mbele ya nini?"

Mama akarudi kwenye kigoda chake, akaketi, akauweka mfuko mapajani. Mimi nikaendelea kuchuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Niliwaza kwenda kumpigia magoti Masunga. Niliwaza Kabula ajifunze kuendesha palepale. Nikafikiria hata kurudi mjini kwa miguu, na hapo ndipo nilipojua kwamba hofu imenizidi, maana mimi kwenda kwa miguu hata hapo jirani kwa Masunga ni tukio.

Mwishowe mama akauliza, "Mume wako yuko wapi sasa hivi?"

"Pale kwenye zizi."

"Mimi pale naona wingu." Akafikiri. "Akikaa mbele yangu ndani ya hilo gari, nitaona nini?"

"Wingu, mayu."

"Basi. Mimi sijapanda na mkwe, nimepanda na wingu. Mwambie wingu lisigeuke nyuma."

Nilisimama haraka mno nikaangukia fito za zizi.

Tulimweka kiti cha nyuma upande wa kushoto, mbali na mimi kadiri kiwanda kilivyoruhusu. Sikugeuka. Alipotaka kitu alimtuma Kabula, ingawa nilikuwa nasikia hata pumzi yake. "Mwambie mume wako anakanyaga kila shimo." Kabula akaniambia. Nikamwambia Kabula amwambie mama samahani. Kabula akaniambia mama amesikia.

Kwenye korongo kabla ya kufika Lagangabilili, tope jeusi likatushika. Magurudumu yakazunguka palepale. Wakaja wanaume wanne waliokuwa wakipalilia pamba jirani na njia, wakakitazama kigari, wakatazamana wao kwa wao.

"Bibi ashuke?" mmoja akauliza.

"Haoni, na pale chini ni tope," Kabula akasema.

"Basi abaki. Hiki kinanyanyuka naye."

Kabula akashuka, nami nikashuka nisaidie. Nilitaka kushika kona ya nyuma, Kabula akanionyesha kwa kidevu kwamba huko ndiko alikoketi mama. Nikaenda mbele, kwenye tope zaidi. Tukakinyanyua kigari kama kitanda cha mgonjwa, mama ndani yake ameshika mfuko wake, tukakitua pakavu. Gari la Masunga lingesubiri ng'ombe wa plau mpaka jioni. Sijawahi kulipenda gari langu kama wakati ule, likiwa mikononi mwetu.

Bariadi tulifika mchana. Kwa kuwa mama hawezi kulala nyumbani kwa mkwe, alilala kwa mke wa Masunga, nyumba ya pili. Asubuhi Kabula akampeleka, wakamfanyia jicho moja. Siku iliyofuata wakamfungua bandeji. Mimi nilikuwa kwenye korido, nikasahau kabisa kwamba wingu limekwisha. Akanitazama moja kwa moja. Nikarukia nyuma ya nguzo.

"Yule anayejificha ni mume wako?" nikamsikia akiuliza.

"Ndiye, mayu."

"Mimi nilimwozesha binti yangu kwa mtu mwenye nywele."

Kabula alicheka mpaka akalia, na sidhani kama alikuwa anacheka tu. Nyuma ya nguzo nami nilipangusa macho yangu, ambayo hayana tatizo lolote.

Nimejifunza kutafuta kitu pembeni ya gari kwenye picha kabla ya kulinunua. Nimejifunza pia kwamba nafasi kati ya watu hailetwi na gari; wanaitengeneza wenyewe wakitaka kufika. Jioni ile nilitoka na ndoo na tambara kuosha tope, maana mama angerudi Zagayu baada ya daktari kumruhusu, jua lilikuwa limeshakausha njia, na tayari nilijiona mtu wa safari. Mama alikuwa ameketi uani kwa Masunga, akihesabu kuku wao kwa sauti. Masunga akaegemea ukuta, akanitazama nikisugua.

"Baba Minza, acha kujisumbua na hilo tambara," akasema. "Ulimpata kwa sababu alikuwa haoni. Sasa anaona, wa kumrudisha ni mimi."