Kimo cha Afande

Kwa miaka mitatu mtaa wetu haukuwa na haja ya saa ya kuamshia watu. Jua likiwa bado halijafikiria kuchomoza, viatu vya Afande vilipita mbio kwenye uchochoro wa kwa kinyozi, pa, pa, pa, na kila aliyekuwa kitandani alijua imetimia saa kumi na moja na nusu. Wengine walimlaani kimoyomoyo, wakageukia ukutani. Wengine waliamka. Leo uchochoro ule umenyamaza. Watoto wanachelewa shule, watu wazima wanachelewa kazini, na hakuna anayetaja sababu.

Hakuwa afande. Jina hilo alipewa akiwa na miaka saba, siku alipomkamata kuku aliyekuwa akidonoa unga wa jirani, akamfunga kamba mguuni na kumlinda tangu asubuhi hadi mwenye kuku alipokuja kujieleza. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Tangu hapo alijua atakuwa nani duniani, na kujua mapema kiasi hicho kuna baraka yake na kuna hatari yake.

Alipokua alikuwa kuli katika ghala la saruji. Mfuko wa kilo hamsini kichwani, ubao unaonesa chini ya nyayo, vumbi puani, kutwa nzima. Aliishi na mama yake katika nyumba ya mjomba, fundi cherehani, ambaye chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa karakana, sebule na, usiku, chumba cha kulala cha Afande.

Tangazo lililetwa na Mstaafu, jirani aliyetumikia polisi miaka thelathini na kutoka na pensheni na goti bovu. Alilisoma kwa sauti mlangoni kama hukumu. Umri usizidi miaka ishirini na mitano. Mtihani wa kuandika. Meno kamili, macho mazima, mwili usio na chale. Pushapu arobaini bila kupumzika. Kilomita tano ndani ya dakika ishirini na tano. Na kwa wanaume, kimo kisipungue sentimita mia moja sitini na nane.

Afande alikuwa na miaka ishirini na minne na miezi minane. Usaili ungefanyika baada ya miezi mitatu, na mwingine haungekuja kabla ya miaka miwili. Hii ilikuwa ndiyo nafasi yake ya mwisho. Kilomita tano alizikimbia kwa dakika ishirini. Pushapu alipiga sabini. Kilichobaki kilikuwa kimo, na hilo halikumsumbua mtu, maana kipimo kilikuwa nyumbani.

Mjomba alimsimamisha kwenye mwimo wa mlango, visigino vimegusa mbao. Utepe wa mafundi huishia sentimita mia moja hamsini, kwa hiyo alitia alama ya kalamu pale ulipoishia, akaupandisha tena juu ya alama. Utepe huo alikuwa nao tangu siku alipofungua kazi. Ulikuwa umelainika kama utambi, na namba zake za mwanzo zilikuwa zimefutwa na vidole. Kwa utepe huo alikuwa amewavika maharusi, makarani na marehemu, na hakuna aliyewahi kurudisha suruali.

Alipima mara tatu. Kisha akauvaa utepe shingoni na kukaa.

"Mia sitini na saba," alisema. "Na nimekuongezea."

Cherehani, iliyokuwa ikisikika humo ndani kama pumzi ya mtu wa nne wa familia, ilikuwa imenyamaza.

Mstaafu ndiye aliyeleta dawa. Kimo, alisema, si kitu cha kudumu. Mtu akiamka ni mrefu kuliko akienda kulala, kwa sababu kutwa nzima uti wa mgongo unajikunja chini ya uzito wake mwenyewe, sembuse uzito wa saruji. Aliwahi kuwaona vijana walioingia chuoni kwa njia hiyo: walijinyoosha, wakalala, wakapimwa kabla mgongo haujakumbuka. Sentimita moja si mlima.

Basi Afande akaacha kubeba kwa kichwa. Ghalani alihamia kazi ya kufagia, yenye nusu ya ujira, na mama yake akapunguza alichopunguza jikoni bila kukitaja. Chini ya boriti ya uani palifungwa bomba la chuma, na kila jioni Afande alining'inia hapo kama nguo iliyoanikwa. Wiki ya kwanza alining'inia bila mzigo. Wiki ya tatu alifungiwa tofali miguuni. Wiki ya sita ilikuwa nusu mfuko wa saruji, umefungwa vifundoni kwa mpira wa baiskeli, na Mstaafu akihesabu dakika kwenye kigoda. Alama za kalamu pale mlangoni zilipanda kwa unene wa unywele, zikashuka, zikapanda tena. Majirani walipita na kutania kwamba akikosa upolisi, ataajiriwa kama nguzo ya umeme.

Maumivu yalianza kama uzi. Yalitoka kiunoni, yakashuka nyuma ya paja la kushoto, yakaishia kisiginoni. Asubuhi alikimbia nayo na yakapoa. Baadaye hayakupoa, lakini alizoea. Kisha yakapungua yenyewe, na hapo ndipo mtu alipopaswa kuogopa.

Mama yake aliogopa. Mchana mmoja alimwona akirudi kutoka kisimani, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna, naye anatembea kama mtu aliyevaa zote mbili.

"Ndala yako iko wapi?" alimuuliza.

Afande alitazama chini. Alitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama mguu.

"Nimechoka tu, mama."

"Aliyechoka anausikia mguu wake, baba. Umeiacha kwa kinyozi. Nimekuhesabia hatua ishirini."

Alitaka waende zahanati siku hiyohiyo. Afande alimkalisha, akamshika mikono, akamweleza kwa upole kwamba zahanati wanaandika, na daktari wa polisi husoma kilichoandikwa. Zilibaki wiki tatu. Baada ya hapo angekwenda popote atakapopelekwa, hata kwa kubebwa. Mama alimtazama sana alipotamka hilo la kubebwa, lakini mwanawe alikuwa tayari amefungua daftari lake la maswali.

Mtihani wa kuandika ulikuwa mwepesi kwake. Matokeo yalibandikwa kwenye ukuta wa kituo: kati ya watu mia nne, alikuwa wa kumi na moja. Mjomba alikwenda kulisoma jina hilo mara mbili, mara ya pili akiwa amevaa koti.

Siku mbili kabla ya usaili wa uwanjani, Afande alilala. Mstaafu alikuwa mkali katika hili: asisimame, asikae, asiinuke hata kwa haja. Godoro lilitandikwa katikati ya karakana, na maisha ya nyumba yakawa yanamvuka. Wateja waliingia, wakamkuta kijana amenyooka chali, mikono ubavuni, wakashusha sauti. Mama alimlisha kwa kijiko na kutoa beseni bila kumtazama usoni. Mjomba alishona juu yake, vipande vya uzi vikimdondokea kifuani.

"Nimewapima wengi waliolala hivi," mjomba alisema wakati fulani, akitafuta kicheko. "Tofauti ni kwamba hao hawaulizi bei."

Afande alicheka. Mama alitoka nje.

Asubuhi ya siku yenyewe walimpakia kwenye mkokoteni, godoro na yeye juu yake, wakamfunika shuka kwa ajili ya jua. Mjomba alivuta, Mstaafu akachechemea kando. Njiani watu walisimama. Mwendesha baiskeli alishuka na kuvua kofia. Penye njia panda, bibi mmoja aliweka chini mzigo wake na kuwaambia poleni sana.

"Tumeshapoa, bibi," ilijibu shuka.

Bibi aliacha mzigo wake barabarani.

Uwanjani alisimama kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili, mjomba akimshika kiwiko, na akaingia kwenye mstari. Kipimo cha polisi kilikuwa nguzo ya chuma yenye ulimi unaoshushwa kichwani. Ofisa alisoma kwa sauti kwa ajili ya karani, na nje ya uzio mjomba alisikia vizuri.

"Mia moja na sabini. Kamili. Anayefuata."

Mstaafu alimkumbatia. Mjomba alikumbatiwa akiwa amesimama kama mti. Alikuwa ametegemea mia sitini na nane, kwa dua. Sentimita mbili za bure hazikumfurahisha. Mkono wake ulipanda shingoni, ukaushika utepe, ukabaki hapo.

Mbio zilianza saa nne. Mizunguko miwili ya kwanza Afande aliongoza, na mwendo wake ulikuwa uleule tunaoujua, pa, pa, pa. Mzunguko wa tatu sauti ilibadilika. Unyayo wa kushoto haukutua, ulipiga chini kama kofi. Vidole vilikataa kuinuka. Alijikwaa penye ardhi tambarare, akanyanyuka, akajikwaa tena. Mara ya nne alianguka kwa mikono na hakunyanyuka, na wakimbiaji wengine walimpita kulia na kushoto kama maji yanavyopita jiwe. Ofisa mwenye saa hakuinua macho.

Mstaafu alipomfikia alikuta anaupiga mguu ngumi.

"Umelala," Afande alisema.

"Tangu lini?"

"Muda kidogo."

Hospitali waliandika kila kitu. Pingili mbili za mgongo zilikuwa zimebana mshipa wa fahamu, na zilianza kuubana miezi miwili nyuma. Walimpasua. Daktari alisema angeletwa mapema angekimbia tena.

Wiki hiyo mjomba alinunua utepe mpya, akautandika mezani sambamba na ule wa zamani, ncha kwa ncha. Wa zamani ulikuwa umeuzidi mpya kwa upana wa kidole kizima. Miaka ishirini na miwili ya kuuvuta kila siku viunoni mwa watu ilikuwa imeurefusha, na asingeweza kugundua, kwa sababu alipima mtu kwa utepe huo na kitambaa kwa utepe huohuo. Nguo zilikaa vizuri miilini. Kosa lilipimwa kwa kosa, likatoka sawa.

Alimweleza kwanza dada yake, mama wa Afande. Dada yake alimwomba asimwambie kijana. Alimwambia.

Afande alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu umevalishwa kiatu chenye bamba la chuma. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza.

"Siku ile ya kwanza, pale mlangoni. Nilikuwa ngapi?"

Mjomba alikuwa ameshapiga hesabu hiyo mara nyingi.

"Mia sitini na tisa."

Kijana aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayekubaliana na bei. Aliuliza kama mama alikuwa anajua, akajibiwa ndiyo. Kisha akaomba aachwe alale.

Sasa ana miaka ishirini na saba. Anaishi kwa dada yake mkubwa, aliyeolewa mji ulio mwendo wa siku nzima kwa basi, na anauza tiketi stendi, dirisha la tatu, zamu ya mchana.