Alama ya Mkanda wa Kiatu

Wanaokuja kwangu huvua viatu mlangoni. Hakuna zulia la kulinda, ni sakafu ya saruji niliyoipaka nta nyekundu kwa mikono yangu. Ndiyo kazi yenyewe. Mtu mwenye wasiwasi huhamia kichwani akajifungia humo, na mimi humshusha taratibu mpaka kwenye nyayo. Anakanyaga saruji baridi, anaweka kiganja pale hofu ilipokaa, anatoa pumzi polepole kuliko alivyoivuta. Mwishoni analala chali kwenye mkeka, tunaupitia mwili wake kuanzia vidole vya miguu hadi utosini. Nimeona watu waliokuwa wakitetemeka kupanda basi wakirudi kazini kwa njia hii, na sitajifanya mnyenyekevu: kazi yangu naijua. Nilikuwa nikiwaambia wote, "Kinywa kinaweza kudanganya, mwili haudanganyi." Niliipenda mno sentensi hiyo.

Chumba changu kiko mtaa wa Rwezamenyo, juu ya duka la vitambaa. Kukifikia lazima upande ngazi ndefu, na kila mtu hufika akihema. Katika mji huu wa vilima nani hahemi?

Yeye alikuja mwishoni mwa mwezi wa tano, siku ya Alhamisi, akihema kama wengine. Alikuwa fundi cherehani katika soko la Kimironko, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, amejifunga mtandio wa kijani, mpole kupita kiasi. Alinieleza kwamba katika juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari, mwezi wa nne, alikuwa akishona sare za shule pumzi ikamkatika ghafla na moyo ukaanza kwenda mbio. Mafundi wenzake wakamlaza chini, wakampepea na vipande vya vitambaa. Kila mtu alijua la kufanya. Katika nchi hii mwanamke akikosa pumzi mwezi wa nne, hakuna anayeuliza kwa nini. Muuguzi wa zahanati alimpima presha, akatazama kalenda ukutani, akamwambia ni ihahamuka, yale majeraha ya zamani yanayomrudia mtu kila mwaka msimu huo. Akamwandikia karatasi ya kuja kwangu.

Nami nikaipokea hadithi hiyo mikono miwili. Mwaka ule wa mauaji yeye alikuwa mtoto wa mgongoni, mama yake alikimbia naye siku nyingi. Nikamwambia mwili wake ulijifunza kuhema kwenye mgongo wa mama. Alinisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Inaweza kuwa hivyo, mama." Jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa sifa zangu mwenyewe.

Alikuwa akivaa sandali za plastiki zenye mkanda mmoja. Wiki za kwanza, akizivua, mkanda ulikuwa umeacha mstari mwembamba juu ya mguu. Mwezi wa sita mstari ukawa mfereji, kama kamba iliyofungwa kwenye donge la unga. Mwezi wa saba akaja na kandambili za mumewe. Niliyaona yote, maana kutazama miguu ndiyo kazi yangu. Nikaandika kwenye daftari: "Anaanza kujiachia. Hajali tena mavazi." Daftari ninalo bado. Silifungui.

Kila mwisho wa kikao nilimuuliza, "Umetulia?"

"Nimeturia, mama. Asante sana."

Kwa wiki kumi na moja sikuwahi kumsikia akitamka oya, ile hapana ya Kinyarwanda ambayo watoto wa hapa huisema kutwa nzima. Mimi nimekulia Tabora, lakini mama yangu alitulea Kinyarwanda hasa: ukikaribishwa kwa jirani, unasema umeshiba hata kama tumbo linanguruma, na chai isiyo na sukari unaisifu. Nilijua kabisa kwamba mtu wa kwetu hamwambii mwenyeji kuwa chakula chake hakifai. Ila sikufikiri kwamba chakula chenyewe kilikuwa mimi.

Kilichomshinda ni mkeka. Akilala chali alianza kukohoa, kikohozi kidogo, cha adabu, mkono mdomoni. Akaniomba mto. Nikampa. Wiki iliyofuata akaomba wa pili, nikampa, lakini moyoni nikasema huyu anajikinga, hataki kujiachilia. Wiki ya tatu nikaondoa mmoja. Naona haya kuandika hivi, lakini niliuondoa kwa mkono wangu, nikitabasamu. Akasema, "Sawa, mama," akalala.

Alhamisi ya kumi na moja, mwezi wa nane, niliondoa na ule uliobaki.

Ilikuwa saa tisa alasiri, chini mtu anapima kitambaa na kucheka na mteja. Nikamwambia, "Leo pumzi ikikata, usiikimbie. Kaa nayo tu. Itapita." Akafumba macho. Tukaanza na vidole vya miguu. Tulipofika kwenye magoti alikuwa akikohoa. Tulipofika tumboni kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka haraka, na ndani yake kulikuwa na sauti ya maji yanayokaribia kuchemka. Mimi nikazidi kulegeza sauti. Nikamwambia, "Vizuri sana. Unaona? Unaweza." Na kweli alikaa nayo. Hakuinuka. Alikuwa akizama mbele yangu kwenye sakafu kavu, akizama kwa heshima, kwa sababu nilikuwa nimemwomba.

Kisha akanishika kifundo cha mguu. Kucha zake ziliingia kwenye ngozi yangu. Nikatazama midomo yake na kuikuta na rangi ya jivu, na kwa mara ya kwanza katika wiki kumi na moja nikaogopa kama mtu mwenye akili. Nikamkalisha. Alipokaa tu, hewa ikaanza kuingia, kwa shida, kama mtu anayenywa kwa mrija uliobanwa. Nikapiga kelele, mwenye duka akapanda mbio, akateremka mbio, akaleta teksi.

Hospitalini daktari alikuwa kijana. Hakumuuliza habari za mama yake wala za mwaka ule. Aliinama, akakandamiza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu wake, akahesabu, akakiondoa. Shimo likabaki palepale. Tulilitazama sote watatu.

"Ukilala chali inakuwaje?"

"Nazama. Iko kama maji inapanda," akajibu. "Nalala nimekaa, toka Ramadhani."

"Utotoni magoti yalikuwa yanavimba? Homa, koo kuuma?"

"Yego," akakubali. "Sana."

Wiki kumi na moja nilimuuliza habari za utoto wake. Magoti sikuuliza.

Kumbe lango moja la moyo wake lilikuwa limekakamaa tangu utotoni na sasa lilikuwa likizidi kuziba. Angepewa vidonge vya kutoa maji mwilini, na jina lake lingeingia kwenye orodha ya kufanyiwa upasuaji. Ni lini? Daktari akasema hajui. Akasema vilevile, bila kunitazama, kwamba angelazwa chali dakika chache zaidi tusingekuwa tunazungumza naye. Ile hofu yote niliyokuwa nikiituliza ilikuwa ikisema kweli tangu siku ya kwanza.

Korido ilikuwa na watu wengi, lakini nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kwa huruma, mimi, yeye akiwa na mrija puani. "Ulikuwa unajitahidi sana, mama. Ningekwambia aje?"

Nilidhani hatarudi kwangu. Alirudi, kwa sababu kungoja nako ni ugonjwa. Zamani alikuwa na hofu isiyo na jina, sasa ilikuwa na jina na orodha. Mkeka niliukunja nikaugawa. Anakaa kwenye kiti chenye mgongo, na kabla sijauliza lolote napiga magoti, nakandamiza kifundo chake kwa kidole gumba, nahesabu. Mara ya kwanza alicheka, akasema sasa nimekuwa fundi wa miguu. Wiki baada ya wiki shimo lilipungua, likawa linajaa kabla sijamaliza kuhesabu hadi tatu. Akarudi cherehani kwa nusu siku. Sandali za mkanda mmoja zikamtosha tena. Mimi mjinga nikaanza kulala usingizi.

Alhamisi iliyopita nilimsikia tangu akiwa chini. Hatua tatu, kimya. Hatua mbili, kimya. Mvua za vuli zimeanza, nikajiambia labda anafuta tope. Aliingia, akakaa, akavua sandali kwa kuzivuta kwa mikono miwili. Mfereji ulikuwa umerudi. Nikapiga magoti, nikakandamiza, nikaondoa kidole. Moja, mbili, tatu. Nikafika kumi. Shimo lilikuwa linanitazama tu.

"Umetulia?" nikauliza. Mazoea mabaya hayafi upesi, na nadhani nilitaka kudanganywa.

Midomo yake ilishaanza, nikaiona ile nimeturia ikija, na shukrani zake nyuma yake. Akatazama miguu yake, akanitazama mimi niliyepiga magoti.

"Oya, mama," akasema. "Naogopa."

"Na mimi," nikamwambia.

Sandali hazikuingia tena miguuni. Nikazibeba mkononi, tukaanza kushuka ngazi kwenda hospitali, yeye pekupeku, mkono ukutani, akipumzika kila baada ya hatua mbili.