Miwani Nyeusi ya Bibi

Hadi leo nikinusa moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, nageuka kuona nani anapika. Kwetu, karibu na Mhunze, miti ilikwisha zamani, na bibi yangu mzaa mama alipikia mavi hayo tangu usichana wake. Ugali wake ulikuwa mtamu ajabu. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoiva.

Nilipokuwa darasa la tatu alinichukua twende Geita, kwa mama mdogo anayeishi mtaa wa Kalangalala. Njia nzima alivaa miwani nyeusi ya mjomba, kubwa kuliko uso wake. Ningecheka, lakini mama alikuwa amenionya nisimwache aivue mbele ya watu. Sikuthubutu kuuliza kwa nini. Nilijua tu kwamba mtoto wa jirani alikuwa amefariki, na tangu hapo hakuna aliyekuja kwetu kuomba moto.

Mama mdogo akatupandisha kilimani wanakopelekwa wageni. Kuna msitu wenye nyani, miamba yenye mashimo walimosagia nafaka watu wa kale, na kibanda ambamo dada mmoja, mtaalamu wa mawe, huonyesha watu chembe za dhahabu kwa hadubini. Zamu ya Bibi ilipofika, alisahau yote, akavua miwani.

Nilimvuta kitenge, nikawa nimechelewa. Mwanamke mmoja kwenye foleni alimficha mwanawe nyuma yake. Mimi mkojo ukanibana.

"Shikamoo mayu," dada yule akasema, akimwita mama kwa lugha yetu, kila mtu akisikia. "Kwenu mnapikia mavi ya ng'ombe?"

"Marahaba, ng'wanawane," Bibi akajibu, yaani mwanangu. "Miti imekwisha."

"Basi ni moshi huo. Mama yangu ana macho hayohayo. Haya, inama uone."

Bibi akainama. "Kumbe dhahabu yenyewe ndogo hivi!" akasema, watu wakacheka.

Mjomba alikuja kunichukua, nikarudi naye nyumbani. Bibi alibaki Geita, nami nikamnunia kwa kuupenda mji kuliko sisi.

Nilipokua ndipo mama aliponieleza. Kule kwetu, macho mekundu ya kikongwe yalitosha kumfanya aitwe mchawi, na kifo cha yule mtoto kilikuwa kimeshatupwa juu yake. Ile haikuwa safari ya matembezi. Mama alikuwa anamtorosha, akanituma naye ili watakaotuona njiani waone bibi na mjukuu wake tu.

Siku ile yote ya safari Bibi alinishika mkono hadi vidole vikauma. Nilidhani anaogopa nitapotea.