Mti Uliokataa Kuanguka

Kila wageni wa madam wanapokaribia kuondoka, mimi hupitisha chetezo sebuleni, hapa Riyadh ninakofanya kazi za ndani, na moshi wa udi hunirudisha kanisani kwetu.

Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa parokia, askofu wa kale aliyewapelekea wapagani Injili na kuukata mti waliouabudu. Watoto tuliigiza maisha yake. Katekista alimpa mdogo wangu uaskofu: kofia ndefu ya katoni iliyopakwa rangi ya dhahabu, fimbo, na shoka la mbao. Mimi nikapewa kuwa mti. Nilivikwa magunia yaliyonuka mahindi, nikaambiwa niinue mikono, na nikipigwa shoka nianguke.

Nilimwonea wivu. Na mama naye, kule mbele, macho yote kwake!

Mdogo wangu akanipiga shoka. Sikuanguka. Akapiga tena. Watu wakaanza kucheka.

"Dada, anguka, tafadhali," akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga.

"Sianguki."

Akanitazama. Kisha akaweka shoka chini, akaivua ile kofia, akanivika mimi. "Mti huu tumeusamehe!" akatangaza. Kanisa zima likasimama, likampigia yeye makofi. Kofia ilikuwa kubwa, ikaniziba macho.

"Yalla, haya, simama hapo," madam ananiambia sasa, na wanawake wananijia mmoja mmoja kujifukiza. Nasimama wima, nimeinua chetezo, mikono inaniuma.

Sianguki.