Mtoto Aliyeingia Upasuaji Bila Jina

Mtoto alikuwa wa siku mbili alipoletwa kutoka Turbo, amelala kifudifudi mapajani mwa nyanya yake. Chini ya uti wa mgongo alikuwa na uvimbe uliokaribia ukubwa wa kichwa chake. Nilipima kwa kidole, nikatazama picha: sehemu kubwa ilikuwa nje, ngozi imepasuka, damu inavuja. Uvimbe huu ni nadra, nao huanza mtoto angali tumboni. Hukatwa pamoja na kifupa cha mkia, la sivyo hurudi. Baba yake alitia sahihi bila kuuliza neno.

Nyanya ndiye aliyesimama mlangoni, pamoja na shangazi wawili.

"Daktari, tupatie dakika kumi tu. Huyu hajapata jina."

Desturi hiyo si ya kwetu, lakini niliijua. Wanawake wazee huita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile ambalo mtoto hulipigia chafya ndilo lake.

"Jina litangoja, Mama. Damu haingoji."

"Na wewe, jina lako lilingoja?"

Muuguzi wangu wa chumba cha upasuaji akacheka. Mimi sikucheka. "Hakuna wakati," nikasema, nikamchukua mtoto na kufunga mlango.

Huo ulikuwa uongo. Damu ya kumwongezea haikuwa imefika kutoka maabara. Mtoto alilala chini ya taa ya joto, nami nikasimama dakika ishirini, mikono imeoshwa na kuinuliwa mbele ya kifua, nikitazama saa ya ukutani. Nimewakemea wanafunzi wangu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Uvimbe ulitoka mzima, na kifupa chake. Tulikuwa tunashona jeraha, moyo wake uliposimama, na haukurudi.

Nyanya hakulia mbele yangu. Aliuliza jambo moja tu: "Sasa tumlilie tukimwita nani?"

Kwenye fomu ya kifo niliandika "Mtoto wa", kisha jina la mama yake.

Wenzangu waliniambia nimefanya yote yawezekanayo, na kuhusu kisu walisema kweli. Nyumbani sina mtu wa kumweleza yaliyosalia. Anayezijua zile dakika ishirini ni muuguzi peke yake, naye hajawahi kuzitaja. Tunapopishana koridoni hunisalimu kwa heshima ileile ya siku zote, nami hutamani asinisalimu.